Chungu cha Chukuchuku

Mizani ya Chande ilikuwa ya kupimia mbata, si ya kupimia wake za watu, lakini kijiji cha Munje hakikuwa na mizani nyingine ya kumbeba mtu mzima. Ilining'inia kwenye boriti ya banda lake la kununulia, na chini yake palifungwa ubao kwa minyororo, wa kuwekea magunia ya nazi kavu. Kila mwezi ulipoandama, Biasha, mke wa Waziri, alikuja hapo alasiri wakulima wakishatawanyika. Aliketi juu ya ubao, akakusanya kanga zake magotini, akatazama chini mpaka Chande amalize kusogeza jiwe.

Siku hiyo wakulima walikuwa hawajatawanyika. Lori la kuchukua mbata lilichelewa kutoka Likoni, na wanaume saba wanane walikuwa wamekaa juu ya magunia wakilingoja. Biasha alitaka kugeuza njia, lakini Chande, mtu mwema asiyejua kunyamaza, alikwisha kumwona.

"Karibu, mama Mbeyu, karibu! Ni dakika moja tu."

Akaketi. Minyororo ikalia. Chande akasogeza jiwe, akalirudisha, akalisogeza tena, kisha kwa mazoea yake ya miaka mingi akanadi kwa sauti ile ile anayonadia mbata: "Frasila nne, ratili kumi na nne!"

"Imepata unyevu hiyo," mmoja akasema kutoka juu ya magunia. "Mkatie, Chande!"

Wakacheka sana. Kila aliyekuwa pale alikwisha kukatwa ratili mbili tatu kwa kuleta mbata isiyokauka, kwa hiyo mzaha uliwaingia. Biasha alishuka, akamshukuru Chande, akaondoka bila haraka ili wasiseme amekimbia. Wala hakuwakasirikia. Kilichomuuma ni zile ratili kumi na nne, kwa kuwa mwezi uliopita zilikuwa tano.

Alipoketi juu ya ubao ule mara ya kwanza, mwaka mmoja na nusu nyuma, Chande alinadi frasila sita na zaidi, na frasila moja ni ratili thelathini na tano. Wakati huo mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kilichokataa kila dawa, na daktari kule Msambweni alisema damu yake ina sukari na kwamba mguu huenda ukakatwa. Dresa wa pale, Kitsao, mfunga vidonda, ndiye aliyemweleza kwa Kiswahili cha kueleweka: hakuna chai ya sukari, hakuna nazi, wali kidogo na muhogo kidogo, mboga nyingi na samaki wa kuchemsha. Biasha alifuata. Alipungua mpaka bangili zikawa zinamtoka mkononi akifua, na kidonda kikafunga. Siku kilipofunga, Kitsao alimwambia neno ambalo yeye alilicheka.

"Kupungua umepungua, mama. Sasa ndiyo kazi yenyewe. Kupungua kuna mwisho wake, kubaki hapo hakuna mwisho. Ukipita ratili kumi juu ya zile frasila nne, njoo kwangu, usingoje kidonda."

Alicheka kwa sababu alidhani safari imekwisha. Sasa alikuwa akipita kwenye minazi, na kiu ile ya zamani, ya kutaka kunywa mtungi mzima, ilikuwa kooni mwake tangu asubuhi.

*

Nyumba ya Waziri ilikuwa nyumba ya nazi. Waziri alikuwa na minazi mingi kiasi cha kuheshimiwa, ingawa si kiasi cha kutajirika, na kila kilichopikwa kwake kilipikwa kwa tui: maharagwe, muhogo, samaki, wali, kunde, hata mchicha. Chakula kisichotiwa nazi pwani hii huitwa chukuchuku, na hupikiwa mgonjwa au mtu aliyefilisika. Hata neno lenyewe ukilisikia waona halijashiba.

Ndicho alichokula Biasha mwaka mmoja na nusu, kutoka chungu chake kidogo, jikoni, peke yake. Mama mkwe wake, Bi Mishi, na binti yake, Mbeyu, walikula sinia moja ukumbini kama wanavyokula watu. Waziri alikula barazani, kwa kuwa hakukosa mgeni. Mwanzoni majirani waliuliza kama Biasha yuko edani kwa siri au amegombana na wakwe. Kula kwenye chungu chako mwenyewe huku sinia limetandazwa hatua chache kutoka hapo si jambo dogo. Usiku wa kwanza Biasha alilia, na wa pili, na baadaye akazoea kama mtu azoeavyo kiatu kinachobana.

Bi Mishi ndiye aliyempikia. "Weye uguza mguu wako," alisema tangu siku za kidonda, na kidonda kilipopona hakuurudisha mwiko. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, mkavu, mwenye ulimi mwepesi, na matonge manne matano yalimtosha kutwa nzima.

Biasha alipoingia jikoni, Bi Mishi alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka? Chande amekupunja?"

"Ameniongeza."

"Alhamdulillahi!" Neno lilimtoka Bi Mishi kabla hajalishika. Akarudi haraka kwenye nazi yake. "Yaani, nasema, Mungu ndiye ajuaye. Chakula chako hicho hapo, mchicha. Kula ungali na moto."

Biasha akakaa. Akafunua chungu, akakitazama, kisha akakisukuma taratibu mbele ya mama mkwe wake.

"Onja, mama."

"Mimi nimekwisha kula."

"Onja tu."

Bi Mishi akachovya kidole, akakilamba, akakunja uso kama aliyelishwa shubiri. "Chukuchuku," akasema. "Hata chumvi haina. Maskini mwanangu."

"Mama, ina tui."

"Tui gani?"

"Tui la kwanza, zito. Na samli. Tangu mwezi ule ulioandama, kila siku ina tui na samli. Nimejua tangu tonge la kwanza."

Bi Mishi akaacha kukuna. "Umejua?"

"Nimejua."

"Na ukala?"

"Nikala. Nikamaliza, nikakomba kwa kidole."

Wakatazamana kama wezi wawili waliokutana usiku kwenye shamba moja. Tusiwahukumu haraka. Bi Mishi kwa mwezi mzima alikuwa akitia tui akigeuka kutazama mlango, akijisifu moyoni kwa ujanja wake. Biasha naye, siku ile ya kwanza, alilitambua tui kabla halijamfika kooni, na angeweza kusema. Alinyamaza. Akajiambia ni leo tu. Kesho yake akajiambia bibi mzima ataona haya akiumbuliwa. Keshokutwa hakujiambia kitu, alikula tu. Siku zile za kushuka, hamu alikuwa akiishinda kwa sababu alikuwa akienda mahali, na kila mwezi mizani ilimpa jambo jipya la kufurahia. Tangu afike hapakuwa na jambo jipya. Palikuwa na chungu kile kile, jana na leo na kesho, mpaka kufa.

"Ilikuwa tamu, mama," akasema, na machozi yakamtoka. "Ilikuwa tamu mno."

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza. Kosa ni langu, mimi mpishi."

"Tazama." Biasha akavua kiatu cha kushoto, akatenganisha vidole viwili vya mwisho. Katikati yake ngozi ilikuwa imefunguka, nyekundu na majimaji, si pana kuliko punje ya kunde.

Bi Mishi akainuka kwenye mbuzi, akapiga magoti, akainama karibu kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri.

"Ya Rabi," akasema. "Nimefanya mimi haya?"

"Tumefanya sote wawili."

"Watatu," akasema Bi Mishi, na kichwa chake kikageukia dirishani, kule ulikotoka moshi wa tanuri la mbata.

*

Waziri alikuwa akigeuza nazi juu ya chanja, kifua wazi, masizi mpaka viwikoni. Alipomwona mkewe anakuja akichechemea kidogo, alijua. Bi Mishi alikuwa na mwana mmoja tu, na mwana huyo hakuweza kuficha kitu usoni.

"Mama amekwambia," akasema.

"Hakuniambia. Amegeuza shingo tu." Biasha akakaa juu ya gogo. "Kwa nini, baba Mbeyu?"

Waziri akaendelea kugeuza nazi ambazo zilikuwa zimekwisha kugeuzwa. "Ijumaa watu wa Diani waja na mkaja wako."

Mkaja ni kile kitambaa anachofungwa mama tumboni akishazaa. Binti akija kuolewa, upande wa bwana harusi humletea mama yake mkaja mpya kwa kumshukuru tumbo lililomzaa bibi harusi, na wanawake wao humfunga kiunoni mbele ya watu. Mbeyu alikuwa ameposwa na Suleiman, seremala wa Diani, kijana ambaye hata Bi Mishi hakumpata dosari, na Bi Mishi alikuwa ametafuta.

"Najua waja," akasema Biasha.

"Mara ya mwisho walipokuona ulikuwa mtu."

"Na sasa ni nini?"

Waziri akaona alilolisema. Akaweka chini ile fimbo ya kugeuzia. "Sikusema hivyo. Nisikilize, mama Mbeyu. Kila mtu ana neno. Huyu asema una kifua kikuu, yule asema umerogwa na mwanamke ninayetaka kumwoa, mimi, ambaye sijui hata huyo mwanamke ni nani. Mwezi uliopita tukitoka msikitini Sefu aliniuliza mbele ya wenzangu: Waziri, nazi zako zote zapanda lori, hata mkeo humwachii moja ya kukuna?"

"Ukamjibuje?"

"Nilicheka." Akajifuta uso, masizi yakahamia shavuni. "Nikacheka nao, nikaja nyumbani, nikamwambia mama akutilie tui kidogo. Mwili wa kuonekana tu, mpaka watu wa Diani wapite. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Likifika Diani kwamba mama mtu yuataka kufa, au kwamba hapa pana njaa, nani ataoa?"

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi."

Biasha hakubishana. Akanyoosha mguu, akauonyesha. Waziri akachuchumaa. Mwaka ule wa kidonda yeye ndiye aliyeuosha mguu huu, kila alfajiri kabla ya kwenda shambani, kwa maji ya vuguvugu na chumvi, na harufu ilipokuwa mbaya watoto wa jirani wakikimbia, yeye hakugeuza uso hata mara moja. Aliupenda mguu huu kama vile watu wapendavyo kitu walichokaribia kunyang'anywa. Akanyoosha mkono aushike, akaona masizi, akaurudisha mkono.

"Nimeufungua mwenyewe," akasema. "Kwa maneno ya Sefu."

"Nami nilikula. Sikulishwa nimefungwa kamba."

"Nisamehe, Biasha."

Waziri hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Mbeyu alipozaliwa. Biasha akatazama pembeni, kwa kuwa angemtazama angelia tena, na kwa siku moja alikuwa amekwisha kulia vya kutosha.

"Tuwapelekee watu wa Diani salamu," akasema Waziri. "Tuwaambie wangoje mpaka mwezi mwingine."

"Wangoje nini? Ninenepe? Sitanenepa. Huu ndio mwili wangu, baba Mbeyu, wa mwezi huu na wa mwezi mwingine. Waje."

"Watakuona."

"Wanione."

Usiku ulipoingia Waziri hakukaa barazani. Alimwachia mgeni wake sinia, akamwomba radhi, akaja jikoni, mahali ambapo mwanamume wa rika lake haingii ila nyumba ikishika moto. Akakaa chini mbele ya mkewe, akasema bismillahi, akatia mkono kwenye chungu cha chukuchuku. Safari hii kilikuwa chukuchuku cha kweli. Akatafuna mchicha ule kwa muda mrefu.

"Hiki ndicho unachokula?" akauliza.

"Ndicho."

"Siku zote?"

"Ila mwezi huu mmoja."

Waziri akameza kwa taabu, akatia mkono tena. Wakala wote wawili mpaka kikaisha.

*

Alhamisi Waziri akampandisha mkewe kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka Msambweni. Kitsao hakuwakemea. Aliosha kidonda, akakifunga, akasema wamewahi. Kisha akauliza jinsi Biasha anavyokula, si anachokula, na Biasha akaeleza habari ya chungu na jikoni.

"Peke yako, mwaka mmoja na nusu?" Kitsao akatikisa kichwa. "Hapo ndipo mlipokosea, nami sikuwauliza. Kujitenga hivyo ni kwa siku za kushuka. Hakuna binadamu awezaye kuishi hivyo maisha yake yote. Siku moja atavunja, na akivunja atavunja sana. Rudi ule na wenzako, mama. Jitengee matonge yako, kula polepole, yakiisha utoe mkono."

"Siku za kawaida hazina matata," akasema Biasha. "Nikiwa na mama mkwe na binti yangu naweza. Lakini kesho nina wageni. Mimi ndiye mwenyeji. Mwenyeji akitoa mkono siniani, mgeni naye hutoa, hata kama hajashiba. Ni kama kumwambia inuka uende zako. Yanibidi nile mpaka wa mwisho ashibe."

Kitsao, aliyetoka kwenye kaya za bara, vile vijiji vya wazee wake, alilifahamu jambo hilo vizuri. Akaufunga mkasi wake kwenye kitambaa.

"Hilo," akasema, "si la hospitali."

Biasha alilisimulia jikoni jioni hiyo, nusu kwa kucheka. Mbeyu alisema wageni wapakuliwe sahani mbalimbali kama Wazungu, akanyamazishwa. Bi Mishi hakusema kitu, na Bi Mishi asiposema kitu nyumba nzima huwa na wasiwasi.

*

Ijumaa baada ya sala, watu wa Diani wakafika. Wanaume walibaki barazani na Waziri, wanawake watano wakaingizwa ukumbini, walikokuwa wake wa majirani. Mbele alikuwa Bi Mwanatumu, mama yake Suleiman, mwanamke mrefu wa maneno machache. Aliamkiana na Bi Mishi kwa heshima zote, kisha akamtazama Biasha kuanzia kilemba cha kanga mpaka bendeji ya mguuni, na akamaliza salamu yake kana kwamba hakuona kitu. Mbeyu alikuwa amefungiwa chumbani kama desturi, sikio lake kwenye ufa wa mlango.

Mkaja ulitolewa, bafta nyeupe mpya, ndefu. Vigelegele vikapigwa. Biasha akasimama, mikono ameinua kidogo, na Bi Mwanatumu akamzungushia kitambaa kiunoni. Kilizunguka mara moja, kikabaki kingi. Akakizungusha mara ya pili. Vigelegele vikapungua, kimoja kikabaki peke yake kisha nacho kikazimika.

"Tulikata kwa mwili tulioujua," akasema shangazi yake Suleiman, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni. "Kumbe mwenye mwili kahama!"

Wawili wakacheka ndani ya kanga zao.

"Na minazi yote hii tuliyoipita njiani," shangazi akaendelea. "Jamani, chakula cha nyumba hii chaenda wapi?"

Huko barazani mazungumzo ya wanaume yalikatika. Ukuta ulikuwa wa makuti tu, na hakuna asiyesikia. Biasha alihisi aibu ikimpanda usoni, moto, na kwa kitambo kidogo alitamani kuwa na ule mwili wake wa zamani wa kujifichia. Kisha akasema, si kwa nguvu, lakini kwa sauti iliyofika mpaka chumbani.

"Bi Mwanatumu, nina maradhi ya sukari. Mguu huu ulitaka kukatwa. Nikapunguza mwili ili nibaki na mguu, na mwili huu mnaouona ndio nitakaokuwa nao, Mungu akipenda, mpaka siku ya kuoshwa. Mume wangu haninyimi. Mama mkwe wangu haninyimi. Kama mwaogopa, semeni leo, kabla mwanangu hajawa wenu."

Mficha maradhi kilio humfichua, watu husema hivyo kila siku, lakini anayeyatoa maradhi yake mbele ya wakwe si wengi waliomwona. Bi Mwanatumu akafunga fundo la mkaja, akalivuta aone kama limeshika.

"Tumetoka mbali tangu asubuhi," akasema. "Tule."

Basi wakabaki hawajui. Pwani hii mtu hakukatai kwa maneno. Hula matonge mawili, akaomba maji, akasifu chakula, akaondoka, na posa ikafa yenyewe bila mtu kugombana. Kwa hiyo jibu la Bi Mwanatumu lilikuwa mkononi mwake, na kila mwanamke wa Munje aliyekuwa mle ndani alikuwa akiutazama mkono huo.

Sinia lilikuja, wali wa nazi mweupe na samaki wa kupaka juu yake. Biasha akakaa kwenye duara. Goti lake la kulia liligusana na la Bi Mishi, la kushoto na la Bi Mwanatumu, na moyo wake ukamwenda mbio kwa kugusana huko tu, kwa kuwa ilikuwa mwaka mmoja na nusu hajakaa goti kwa goti na watu wanaokula. Akajitengea kwa macho fungu dogo mbele yake. Akala polepole, tonge baada ya tonge, na kila tonge lilikuwa tamu kupita alivyokumbuka. Fungu likaisha. Mkono ulitaka kurudi. Tuseme kweli, ulitaka kurudi sana. Akautoa nje ya sinia, akauweka mapajani ukiwa umelowa tui.

"Endeleeni, wakwe zangu," akasema. "Mimi nimetosheka."

Mkono wa shangazi ukabaki hewani. Mkono wa Bi Mwanatumu ukasimama kwenye ukingo wa sinia, karibu kutoka, na alikuwa hajala hata matonge matano.

"Mwaona nini?" akasema Bi Mishi. "Nyumba hii ni yangu. Mimi ndiye niliyemzaa mwenye minazi. Mkono wa mwenyeji ni huu hapa, na haujatoka. Kuleni."

Akamega tonge kubwa, la ukubwa ambao Biasha hakupata kumwona akilimega, akalitia kinywani. Bi Mwanatumu akamtazama, akamega lake. Bi Mishi akamega jingine. Wakaenda hivyo, tonge kwa tonge, mwanamke mrefu na bibi mdogo, na wengine wakawafuata. Wali ukapungua. Jasho likamtoka Bi Mishi kwenye paji la uso. Akapunguza mwendo, akanywa maji, akapumua kwa pua kama anayepanda kilima, kisha akatia mkono tena. Biasha alimgusa goti kwa siri kumwambia yatosha. Bi Mishi akalisukuma goti lake pembeni.

Bi Mwanatumu aliliona hilo. Aliona pia mkono wa Biasha uliotulia mapajani, unakauka. Akatazama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, akaelewa, na uso wake mkavu ukaanza kulegea. Akala tonge moja zaidi, kubwa, akalitafuna mpaka likaisha. Kisha akatoa mkono wake siniani na kucheka kicheko ambacho hakuna aliyemdhania.

"Bibi, nikiendelea mimi, leo mtazika mtu," akasema. "Alhamdulillahi, nimeshiba. Nimeshiba kabisa. Harusi na iwe Mfungo Sita, maulidi yakishapita. Mwaonaje?"

Kigelegele cha kwanza kilitoka chumbani, kwa bibi harusi mwenyewe, ambaye kwa desturi hakutakiwa hata kukohoa.

*

Wageni walipoondoka, Bi Mishi alilala chali kwenye mkeka, kanga amelegeza, macho yanatazama makuti ya paa. Biasha alikaa kando yake, akimsugua tumbo kwa mafuta ya habasoda. Waziri akachungulia mlangoni.

"Mama ana nini?"

"Amekula," akasema Biasha.

Waziri akatazama lile tumbo la mama yake, lililovimba kama la mtoto, akamtazama mkewe. Akaenda kuchemsha maji ya tangawizi yeye mwenyewe.

"Weye umeshiba?" Bi Mishi akauliza, sauti ikitoka mbali.

"Nimeshiba, mama."

"Kweli?"

Biasha akafikiri kwanza. "Kweli."

Nje kuku walikuwa wakigombania makombo ya sinia.

"Na harusi yenyewe?" akasema Bi Mishi. "Huko kutakuwa na masinia mengi."

"Mengi, mama."

"Kabla yake maulidi. Kisha Idi. Kisha Mbeyu atazaa, na arobaini yake."

"Inshallah."

Bi Mishi akagugumia, akageuza kichwa kidogo kumtazama. "Na siku nikifa mimi, mwanangu, nani atakulia?"

Mkono wa Biasha ukasimama juu ya tumbo la bibi. Akaona hawezi kufanya mzaha.

"Usife, mama," akasema.

Bi Mishi akafumba macho.

"Nitajaribu," akasema. "Lakini leo usinidai ahadi nyingine. Sugua."